Mvumo wa Chumba Namba Nne

Jumanne, tarehe kumi na nne Machi, saa tisa na robo alasiri, watu mia moja na kitu walifumba midomo ndani ya chumba namba nne wakamuua mke wangu. Daktari aliandika mambo mengine kwenye cheti, miaka miwili baadaye. Aandike tu. Mimi nilikuwepo.

Chumba chenyewe kilinuka kahawa iliyolala na zulia bichi. Mwenyekiti wa kikao alikuwa anakula biskuti huku anaongea. Makombo yalimng'ang'ania kwenye tai, na kila akimaliza moja alilamba kidole gumba kabla ya kufunua karatasi za mke wangu. Kazi ya miaka kumi na mmoja, anaifunua kwa mate. Hadi leo biskuti haziingii nyumbani kwangu.

Mimi ni seremala, shule niliishia darasa la tano. Mke wangu alianza kazi akiwa msichana wa kuunganisha simu, yule wa kuchomeka waya na kusema "subiri kidogo". Mwaka wake wa pili kazini, mama yake alimpelekea telegramu kwamba baba yake yu hoi. Telegramu ikalala siku tisa kwenye droo ya ofisi fulani. Mama anadhani mtoto kaipata na kapuuza. Mtoto hajui lolote. Alipofika kwao, udongo wa kaburi ulikuwa umeshakauka.

"Hakuna aliyenifanyia ubaya," aliniambia tukiwa wachumba. "Ila hakuna aliyesema kwamba haikufika."

Kompyuta zilipoanza kuongea zenyewe kwa zenyewe, alikuwa mwanamke wa kwanza pale shirika la simu kuzifungia nyaya, kisha wa kwanza kukaa na wale wanaoziandikia kanuni. Maana mashine ya huku na ya kule hazielewani hivi hivi. Ni lazima watu wakae, waandike nani aanze kusalimia na nani ajibu. Kwenye picha zao za pamoja utaona wanaume arobaini wenye ndevu, halafu mke wangu na pochi yake. Kanuni tisa zina jina lake. Ya kumi ndiyo aliyoipenda kama mtoto wa mwisho: barua ya kompyuta ikishindwa kufika, mashine iliyoshindwa lazima imwambie aliyeituma. Basi. Ibara ya sita.

Neno hilo "lazima" wenye makampuni walilichukia, maana lingewafanya wabadilishe mitambo yao, na mwenyekiti alikuwa mtu wao. Wakambatiza Mama Lazima.

"Mama Lazima, punguza moto," mwenyekiti alimwambia siku ile mbele ya watu. "Tuandike 'inafaa'. Hawa ni watu wazima, watafuata tu."

"Wewe ukienda kupasuliwa," mke wangu akamjibu, "utataka daktari aandikiwe kwamba inafaa kunawa mikono?"

Watu wakaangua kicheko. Na yeye akacheka, makombo yakaruka.

Sasa, wale watu hawapigi kura. Ni desturi yao na wanajivunia kweli kweli. Mwenyekiti akiuliza, anayekubali anafumba mdomo na kuvuma puani kama nyuki. Kisha anauliza upande wa pili, nao wanavuma. Mwenyekiti anasikiliza mvumo upi umezidi, anaamua. Hakuna jina, hakuna mkono ulionyooshwa, hakuna wa kumwendea kesho ukamwuliza kwa nini. Mtu mzima na suti yake anazika kazi ya mwenzake bila hata kufungua mdomo. Wala hawana uanachama. Aliyemo chumbani ana sauti.

Hata aliyekuja kubeba mkoba. Mke wangu alikuwa ametoka kupasuliwa goti, ngazi hazipandiki, ndiyo maana nilikuwa mstari wa nyuma na kadi ya mgeni shingoni. Asubuhi alinifunga tai huku ananitania: "Fundi, leo na wewe utavuma. Kifua kama pipa hicho kisikae bure. Huwa wanaanza na maneno ya aliyeandika kanuni, kwa hiyo swali la kwanza ndilo letu. La pili, tulia kama maji ya mtungi."

Kuvuma ndiyo kazi yangu. Nilikuwa nikipiga randa navuma kutwa nzima, wimbo usio na maneno. Wanangu walisema baba ana jenereta tumboni.

Mwenyekiti akafuta mdomo. Akatoa maelezo marefu ya kizunguzungu, mara kanuni hii, mara rejea ile. Macho yangu yalikuwa kwenye kisogo cha mke wangu, mstari wa mbele. Nikasikia "ibara ya sita". Nikasikia "wavume". Nikavuma. Nilivuma kwa moyo wote mpaka kiti kikatetemeka, na wale wa pembeni yangu, ambao nadhani walikuwa bado wanasitasita, wakaingia nyuma yangu.

Kisogo kile kikakakamaa.

Swali la pili ndilo lililokuwa lake. Yule mchafu alikuwa amegeuza mpangilio, ameanza na "inafaa". Mvumo wa pili ulikuwa mwembamba. Ndani yake nilimsikia mke wangu, kama uzi.

"Chumba kimeamua," akasema mwenyekiti, akachukua biskuti nyingine.

Kwenye teksi hakulia. Alitazama nje, mkono juu ya goti.

"Upande wa nyuma ndio ulionimaliza," akasema.

"Washenzi," nikamjibu.

Ndicho nilichosema. Washenzi.

Hakurudi tena kwenye mikutano yao. Barua za watu zikaendelea kupotea kimya kimya. Mwaka jana, yeye yuko kaburini, walikuja nyumbani na kibao cha kioo chenye jina lake. Mwenyekiti alijipangusa macho kwa leso, akamwita mama wa kanuni zetu, kisha akanishika mkono. Kidole gumba kilikuwa na unyevu. Nilinawa mara mbili. Kibao nimekiweka karakana, kinakaliwa na kopo la gundi.

Nawalaumu wao, na nitawalaumu mpaka nizikwe. Aliyegeuza maswali si mimi. Desturi ile ya kuvuma sikuitunga mimi.

Ila tangu siku ile sikuvuma tena nikipiga randa. Wiki zake za mwisho tulihamishia kitanda chake dirishani, karibu na karakana. Siku moja akaniita.

"Fundi, mbona siku hizi huvumi?"

Nikasema vumbi limenikaa kooni.

"Kanywe maji," akasema, akageukia ukutani.

Miaka thelathini na mmoja aliamka na sauti ile. Angeijua hata katikati ya jenereta kumi. Na chumba namba nne kilikuwa na watu mia moja na kitu tu. Aliitambua?