Siku Tisa za Sajini Oola

Sajini mstaafu Oola alikaa jeshini miaka ishirini na sita bila kuripoti kuwa mgonjwa hata asubuhi moja. Malaria aliiugua akiwa lindoni, amesimama, bunduki begani. Jino lililooza aling'olewa na fundi wa magari, kwa koleo, kisha akaenda gwaride. Kambini, ukijipanga kwenye mstari wa wagonjwa jina lako liliandikwa, na majina ya namna hiyo hayakuonekana tena kwenye orodha ya kupandishwa cheo. Kwa hiyo hata leo, ana miaka sabini na minne, yuko zake nyumbani Mbuya, ukimuuliza hali atakujibu kwa sauti ya kuamsha mtaa: "Mzima!"

Shida ni kwamba hakuwa mzima. Tumbo liligoma. Siku tatu, siku tano, siku saba, choo hakuna. Mwezi wa tatu lilimlaza hospitalini, na jinsi walivyomzibua hatutasimulia, huenda wewe msomaji unakula. Daktari akasema likifika tena pale, ni kisu. Akampa vidonge vya kujaribu wiki moja, na wiki ile Sajini alikuwa akitoka msalani kila asubuhi akipiga mluzi.

Vilipoisha, binti yake Akwero akapeleka karatasi ya daktari kwenye bima. Kazini kwao wamewapa bima inayobeba hadi wazazi. Kampuni inaitwa Tulizo. Jina zuri, au siyo?

Tulizo wana utaratibu wao. Hupewi dawa inayofanya kazi mpaka kwanza unywe ile isiyofanya kazi, wiki mbili nzima, ili ijulikane rasmi kwamba haifanyi kazi. Sajini akapewa chupa ya dawa tamu kama soda na pakiti ya unga unaofanana na pumba. Vyote viliingia. Hakuna kilichotoka. Wiki mbili zikiisha, Tulizo hupiga simu, mgonjwa aseme kwa mdomo wake mwenyewe, na maneno yanarekodiwa.

Aliyepiga alikuwa Rosebella, Mkenya, Kiluganda chake kinaishia kwenye salamu na Kiacholi hana kabisa. Lakini Kiswahili, lugha ya jeshini, anacho, ndiyo maana wazee wote wa jeshi alitupiwa yeye.

"Mzee wangu, habari ya tumbo?"

"Mzima! Hakuna shida!"

"Asante sana, mzee."

Faili likafungwa: dawa ya bei nafuu imemponya. Akwero akakata rufaa. Wiki mbili nyingine za pumba, simu nyingine, na "Mzima!" nyingine, hii ya pili kwa sauti kubwa kuliko ya kwanza.

Sasa ilikuwa Jumanne, siku ya tisa bila choo. Akwero akamburuta baba yake mpaka ofisi za Tulizo, ghorofa ya tatu, dirisha linachungulia mapaa ya soko la Owino. Tumbo la Sajini liliingia mlangoni kwanza, mwenyewe akafuata.

"Rekodi inasema mzima, mara mbili," Rosebella akasema.

"Lakini si unamwona, dada?"

"Mimi namwona. Kompyuta ndiyo haimwoni. Lazima aseme kwenye simu. Na hii ndiyo rufaa ya mwisho, madamu. Akisema mzima tena, tunafunga mpaka mwakani."

"Mwakani nitakuwa nimeshamzika! Yuko hapa mbele yako, muulize!"

"Basi nitampigia."

Na akampigia kweli. Simu ikalia kwenye mfuko wa koti la Sajini, pale pale mbele ya meza, mtu na mtu wanaweza kupeana mkono. Sajini akaiweka sikioni kwa heshima zote, akageukia ukutani kama anayeongea na mtu wa mbali, Gulu.

"Halo, naongea na Mzee Oola?" akauliza Rosebella, akimtazama kisogo.

"Ndiyo mimi."

"Mzee, tumbo linaendeleaje?"

"Baba, ukweli," Akwero akanong'ona. "Nakuomba."

Sajini akavuta pumzi. Pengine angesema, nani ajuaye, lakini kwenye benchi la wanaosubiri mtu mmoja mwembamba akaruka wima.

"Afande!"

Alikuwa Odyek, koplo wake wa zamani, mtu ambaye Sajini aliwahi kumkimbiza uwanjani duru kumi kwa kosa la kukohoa kwenye gwaride. Mbele ya huyu ndiyo aseme ana tumbo? Shingo ya Sajini ikanyooka.

"Niko mz—"

"Baba!" Akwero akamfinya goti.

"Mzee, upo?" Rosebella akauliza simuni. "Sijasikia vizuri."

Odyek akaiona karatasi ya daktari mkononi mwa Akwero, akatabasamu kwa huruma.

"Kumbe na wewe, afande? Mimi nimefuata vidonge hivyo hivyo. Leo siku ya sita bila choo. Nafikiri kwa kikosi chetu kile, mimi ndiye nimewapita wote."

"Umepita nani?"

"Sita, afande. Si mchezo."

"Sita?" Sajini akageuka mzima mzima, simu bado sikioni. "Koplo, sita ni nini? Sita ni likizo! Mimi ni tisa! Tisa, tangu Jumapili ile nyingine, si hii ya juzi! Tumbo kama dumu la petroli, kulala siwezi, kuinama siwezi, mtoto ndiye ananifunga viatu! Unaniletea sita!"

Rosebella alikuwa anapiga vitufe mbiombio kama mtu aliyesikia maji yanarudi bombani.

"Imeingia," akasema. "Imepita. Dirisha la dawa ni hilo pale nyuma."

Akwero akalia kidogo, akaenda kuchukua vidonge. Odyek naye akasogea mezani, amechangamka.

"Mimi pia, binti. Andika. Sita."

"Pole, mzee wangu. Ni kuanzia saba."

"Basi andika saba."

"Sita imeshasikika kwenye rekodi ya mwenzako. Rudi kesho. Ukifungua choo kabla ya hapo, tunaanza upya."

"Binti," Sajini akaingilia, "siku sita za koplo ni sawa na kumi za raia."

"Kompyuta haina sehemu ya cheo, mzee."

Sajini akaachana na kompyuta, akafungua pakiti aliyoletewa na Akwero. Kimoja akameza. Cha pili akakiweka kwenye kiganja cha Odyek.

"Afande, hiki kimetolewa kwa jina lako."

"Nimesema meza."

Odyek akameza bila maji. Rosebella akageukia skrini yake, akaanza kutafuta kwa bidii kubwa kitu ambacho hakikuwepo.