Sharti la Mwalimu Bigirimana

Siku tatu kabla ya basi la mwisho kuondoka kambi ya wakimbizi kwenda Burundi, kompyuta ya ofisi ya kutafuta watoto waliopotea ilikuwa bado imegoma. Haikuharibika. Kwa siku kumi na mbili iliwaka vizuri na kuonyesha maneno yale yale mekundu: muda wa leseni umekwisha, nunua upya. Majina mapya ya watoto, yaliyoingizwa mkesha wa kugoma, yalifungiwa humo, na huenda miongoni mwao limo la Nizigiyimana, mwana wa Akimana, aliyeponyoka mkononi mwa mama yake katika msukosuko wa kuvuka mpaka, akiwa na miaka sita.

Kwa miaka saba Akimana alikataa kurudi. "Nikirudi kumbe yuko huku," alizoea kusema, "nitakuwa nimemtupa mara ya pili." Sasa kambi inafungwa, na asiyepanda basi atapandishwa.

"Jean Paul, mwanangu, hakuna namna?" alimwuliza karani.

"Mama, bila msimbo, yaani maandishi yaliyoiunda programu, siwezi kuondoa kufuli. Matiasi wa Lusahunga, aliyetuuzia, anataka tununue tena. Na fungu la fedha za ofisi limekwisha kufungwa."

Akimana akaenda kuketi katika darasa la watu wazima, kwa kuwa hakuwa na mahali pengine pa kuupeleka moyo wake. Vitabu vilikuwa haba darasani. Mwalimu wao, Bernadetha, aliomba karatasi chakavu maofisini, kila mmoja akajifunzia yake. Kanuni ilikuwa moja: soma hadi nukta ya mwisho, maana mjanja huficha neno chini. Karatasi ya Akimana ilitoka katika ofisi ile ile ya watoto. Kwa mwezi mzima aliikariri kama sala, bila kuuliza maana. Siku hiyo alikuta humo neno la karani, msimbo, na maana ikamjia:

"Mimi Bigirimana, mwalimu na mkimbizi, nimeunda programu hii juu ya kazi za watu nisiowajua, walionipa kwa sharti. Nami naitoa kwa sharti lile lile. Itumie, ibadilishe, hata iuze. Lakini utakayempa au kumwuzia, mpe na msimbo wake, wala usimfungie. Anayevunja sharti hili, ruhusa yake ya kuuza imekufa."

Mwalimu Bigirimana alikuwa amekwisha kufariki. Matiasi aliichukua kazi yake, akaibandika jina la duka lake na kuitia kufuli. Karatasi akaiacha ndani ya jalada alilolikabidhi ofisini, kwa kuwa hakuisoma.

Kesho yake Akimana alipata kibali cha kutoka siku moja, akadandia lori hadi Lusahunga.

"Shikamoo, mama," Matiasi alisema, akaisoma karatasi, akacheka. "Umeanza kusoma lini hata uje kunifundisha leseni?"

"Marahaba. Tangu Kwaresima, baba. Ndiyo maana sijajifunza kuruka mistari."

"Mimi ni mfanyabiashara. Kuuza ni kosa?"

"Karatasi inasema uza. Kwetu mtu akikupa chipukizi la mgomba, ndizi utauza upendavyo, lakini jirani akiomba chipukizi humnyimi, kwa kuwa nawe ulipewa. Wewe umeuza ndizi na chipukizi umelizika."

"Nikigawa msimbo nitakula nini?"

"Utakula jasho lako. Wafundishe watu, watengenezee inapogoma, nao watakulipa. Na zile ofisi za Biharamulo ulizoziuzia, nizipitie niwasomee mstari wa mwisho?"

Matiasi akavuta droo, akatoa diski. "Chukua. Msimbo wote umo. Unanitazama kama mwizi, mama."

"Nakutazama kama mtu aliyekaa juu ya jina la mwanangu."

Jean Paul alishinda siku nzima akilifungua kufuli lile. Jina lilikuwamo: Nizigiyimana, analelewa Rulenge, upande huu wa mpaka, kwa mkulima Anatory. Akimana akalia kwa sauti. Karani akapiga simu papo hapo.

"Ni nyinyi wa ofisi ya watoto?" Anatory alisema. "Wiki iliyopita nilimleta hapo ofisini. Mlinzi wa mlangoni akaturudisha, akasema kompyuta imefungwa. Mtoto akasema, kama mama hayupo huku basi yuko Burundi. Akapanda basi la Jumatano."

Akimana hakulia tena. Machozi yalikuwa yamekwisha.

Asubuhi ya basi la mwisho, Jean Paul alimkabidhi diski nyingine. "Programu, msimbo na majina yote. Kwa sharti la mwalimu nimeruhusiwa kukupa, mama, nawe unaruhusiwa kumpa karani yeyote utakayemkuta huko. Asiambiwe na mtu kwamba anunue."

Akimana akaifunga kwenye pindo la kitenge, pamoja na karatasi ya mwalimu. Basi lilipoanza kutembea alitaka kuuliza kama huko waendako kuna kompyuta. Akaogopa jibu, akaibana diski kifuani.