Shauri la Wanasesere wa Kasamali

Asubuhi ya shauri hilo palikuwa na foleni mbili pale bomani Arusha. Ya kwanza ilikuwa ya wanaume waliokusanywa kwenda kuvunja mawe ya barabara ya Moshi. Ya pili ilikuwa ya Kasamali peke yake, Mhindi mwenye duka la mabati karibu na mto Themi, na kasha lake la wanasesere kutoka Ulaya. Alikuwa amewaagiza kwa Krismasi ya watoto wa walowezi, na karani wa ushuru akawazuia. Kasamali alipiga chafya mfululizo kwa ajili ya nyasi kavu walizofungiwa wanasesere, na wanaume wa mawe wakampa pole.

Mmoja wa wanaume hao alikuwa Sumari, Mmeru wa upande wa Tengeru, mwenye migomba na kahawa kidogo. Mkewe Hanna alikuwa na mimba ya siku zozote, na hilo ndilo lililomkaba roho. Kwao, mwanamke akijifungua, mumewe ndiye anayemchinjia kondoo. Mafuta ya kondoo huyo ndiyo yanayomrudishia mama nguvu na mtoto maziwa, na kisu cha mwanamume mwingine hakifai. Mara mbili Hanna alijifungua Sumari akiwa njiani, kabebeshwa mizigo ya boma, na mara mbili mtoto alikufa kabla hajarudi. Hanna hakuwahi kumlaumu. Heri angemlaumu.

Shauri la Kasamali liliitwa kwanza. Thomasi, mkalimani wa boma, alieleza kwamba sheria inatoza ushuru vitu vya kuchezea. Kasamali akasema hawa si vitu vya kuchezea, maana yeye hajapata kuona mtoto wa mlowezi akicheza nao, huwavunja tu. Hakimu alikuwa Bwana Shauri mwenyewe, Mzungu mkuu wa boma. Alifikiri mpaka kahawa yake ikapoa, kisha akamlaza mwanasesere mmoja chali juu ya meza. Mwanasesere akafumba macho. Akamlaza mwingine, mwenye macho ya kuchorwa, na huyo akabaki anatazama dari.

"Anayefumba macho akilazwa ni mtu," akaamua. "Mtu si bidhaa, halipiwi ushuru. Asiyefumba ni kichezeo."

Kasamali alishukuru sana, kwa kuwa karibu kasha zima walikuwa wa kufumba. Lakini hukumu ya boma si maneno ya kilabuni, ikitoka imetoka. Wanasesere wakainuka ndani ya kasha, wakakung'uta nyasi kwenye magauni yao, na askari akawaonyesha foleni ya mawe, maana watu wasio na mwajiri ilikuwa lazima wafanye kazi ya barabara. Wakaenda, kila mmoja na nyundo yake. Kasamali alitazama mtaji wake ukitoka mlangoni, akasema bora angelipa ule ushuru.

Sumari naye aliyaona yote hayo. Alipokaribia mlango akamnong'oneza Thomasi.

"Kaka, mwambie Bwana anilaze na mimi."

"Ili iweje? Si umeona hao waliofumba wamepelekwa kwenye mawe?"

"Na mimi si naenda huko huko? Lakini wao wamesikilizwa kwanza. Nikionekana mtu, nitamweleza habari ya kondoo wa mke wangu."

Thomasi alitafsiri, ila kondoo alimwacha nje kwa hekima yake. Hakimu akakubali, maana kipimo ni kipimo. Sumari akapanda mezani, akalala chali.

Sasa, kwa Wameru na Waarusha mwanamume mzima halali chali mbele ya watu akafumba macho. Hiyo ni kazi ya maiti, na anayeifanya kwa mzaha huwaita wenzake watafute majembe. Sumari alijitahidi. Alitaka kwa moyo wake wote. Alibana meno, akamwaza Hanna, lakini kope zikakataa katakata.

"Fumba, bwana we," Thomasi akanong'ona.

"Hazitaki."

Hakimu alingoja, kisha akasema, "Kichezeo. Kimetengenezwa wapi?"

"Tengeru," Thomasi akajibu.

"Basi hakijavuka forodha, hakina ushuru. Ni cha nani?"

Machozi yalikuwa yamekwisha kumwingia Sumari masikioni. Akasema, "Cha Hanna." Na hivyo ndivyo ilivyoamuliwa.

Akashuka mezani ameinamisha kichwa, akarudi kwenye foleni ya mawe. Sironka, mnyapara kutoka Olasiti, akamtoa kwa ncha ya fimbo, tena kwa upole.

"Wewe nenda nyumbani. Barabara ya Bwana haijengwi na vichezeo."

Foleni nzima ikasikia. Halafu mzee mmoja nyuma akakohoa kidogo, akaomba na yeye alazwe.

Hadi jua linaegemea magharibi, Wameru na Waarusha wote waliokuwa pale walikuwa wamelazwa, na hakuna aliyefumba. Hakuna aliyedanganya pia; ndivyo walivyolelewa. Walirudi makwao wakicheka njia nzima. Wazee wa kanisa walimwuliza mchungaji kama kichezeo kinaruhusiwa mezani pa Bwana, naye akasema atauliza Ulaya. Wanawake walisema hawaoni jipya, wao walijua zamani wameolewa na nini.

Sumari alimkuta Hanna ameshika nguzo ya nyumba, uchungu umemwanza.

"Wamekuachia?"

"Wameniachia. Nimekuwa kichezeo chako."

"Haya, kichezeo, kamata kondoo."

Alimchinja kwa kisu chake mwenyewe. Hanna akanywa mafuta, maziwa yakashuka, na mtoto akalia kwa sauti ya mtu mwenye haki zake. Sumari naye alilia waziwazi, wala hakuona haya. 

Huko barabarani wanasesere walivunja mawe. Waliochelewa walipigwa kiboko, na walipolazwa bandani jioni walifumba macho papo hapo, kama watu waliochoka sana. Wameru waliopita waliwaachia ndizi mbivu kando ya njia, wakawaambia poleni na kazi. Hakuna aliyejitolea kuwapokea nyundo.

Siku Hanna alipotoka uzazini, amenenepa na ngozi inang'aa, walikwenda pamoja sokoni Tengeru, mtoto mgongoni. Mlowezi mmoja alikuwa pale na binti yake. Dukani kwa Kasamali vichezeo vya Krismasi vilikuwa vimekwisha, na binti alikuwa analia. Alipomwona Sumari akanyamaza, akamwonyesha kidole.

Mlowezi akamvulia Hanna kofia, kwa kuwa kwa hukumu ya boma ndiye mwenye mali, akataja bei: ng'ombe wa maziwa pamoja na ndama wake.

Hanna akamtazama Sumari kutoka kichwani hadi miguuni, polepole.

"Huyu siuzi," akasema.

Mlowezi akasema si neno, atapita tena, akaenda zake. Sumari akashusha pumzi, maana bei ilikuwa nzuri.