Abiria Aliyekuja na Betri

Kila asubuhi, kabla ya kufungua duka lake la magodoro mjini Migori, Hemed alilipangusa gari lake la umeme kwa fulana kuukuu. Alianzia kioo cha mbele, alikokuwa amebandika kadi: INAUZWA. BETRI IMEBADILISHWA. Maneno mawili ya mwisho aliyaandika kwa herufi nene zaidi. Mnunuzi wa gari la umeme haulizi rangi wala magurudumu, anauliza betri, kwa sababu betri ikichoka gari ni kabati la kuegesha nje. Ile ya kwanza ilikuwa imechoka kiasi kwamba hata kwenda Rongo na kurudi ni dua. Hii ya pili ilimpeleka Homa Bay ikamrudisha, na chaji ikabaki.

Alitaka kuliuza kabla ya Septemba. Binti yake Sumeya alikuwa amepata nafasi ya kusomea ukunga katika chuo kimoja Kisumu, na watu hawanunui godoro kila mwaka. Gari lisipouzwa, nafasi ile angepewa mtoto wa mwingine.

Shida ni kwamba gari lilikuwa na mtu ndani.

Mtu huyo alianza kuonekana jioni ile ile betri ilipofungwa. Hemed alitoka msikitini baada ya swala ya magharibi, akafungua mlango wa nyuma achukue kikapu cha mboga, akamkuta mwanamke mjamzito ameketi upande wa kushoto, leso kiunoni, mfuko wa nguo za mtoto mapajani. Alinukia omena kidogo, wale dagaa wa ziwani.

"Oimore," alisema mwanamke.

"Oimore," Hemed alijibu. Alikuwa mtu wa Mombasa, lakini miaka mingi ya Migori ilikuwa imemfunza salamu ya jioni ya Wajaluo.

"Stima imerudi?"

Hemed alitazama taa za dukani. "Ipo, mama."

Mwanamke akashukuru. Adhana ya isha ilipolia hakuwapo tena, na kiti kilikuwa na joto.

Kosa la Hemed ni kumletea chai. Kwao, mtu aliyefika na jua likitua hapitwi na kikombe, na Hemed hakuona kwa nini kwenye gari mambo yawe tofauti. Baada ya hapo mwanamke alikuja kila magharibi. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, walisema wahenga, ila hawakusema umpe nini mgeni asiyeshuka garini.

Wanunuzi walikuja mchana, wakalisifu gari, wakarudi jioni kulijaribu, kisha wakapunguza bei. Hakuna aliyekimbia. Walihesabu viti tu. Gari la watu watano lilikuwa limegeuka la watu wanne, na mtu mmoja aliyekuwa na familia kubwa alilalamika kwamba kadi kiooni haikueleza hivyo.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hemed akaamua kujitembeza. Alimchukua Sumeya wakaenda Homa Bay kwa Nicodemus, mwenye duka la dawa, ambaye alikuwa ameulizia gari kwa simu. Nicodemus alikaa kwenye usukani, akazunguka mji, akapanda mlima, akateremka akitabasamu. Jua lilipozama mwanamke akawa yupo nyuma. Nicodemus aliegesha, akageuka, wakaongea Kijaluo kwa muda mrefu. Aliposhuka hakuwa akitabasamu tena.

"Mzee Hemed, gari ni poa sana," alisema. "Lakini hiyo betri iko na wenyewe."

"Wenyewe ni nani?"

"Huyo ni Valentine, wa Remba. Hapo kisiwani akina mama wa omena walichanga wakajenga chumba cha kujifungulia. Wakaweka sola, wakanunua betri ya gari la umeme la zamani, ya kuweka stima ya usiku. Siku moja watu wakakuja, wakasema wanaipeleka garage. Ilikuwa uongo. Jioni hiyo ndiyo Valentine alishikwa na uchungu. Chumba kilikuwa giza, ziwa lilikuwa limechafuka, boti haingevuka."

"Na mtoto?"

"Wote wawili, mzee."

Nicodemus alimrudishia ufunguo kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa pole.

Njiani kurudi, Sumeya alikaa nyuma. Kupitia kioo Hemed alimwona binti yake akiuliza kama anaweza, kisha akiweka kiganja juu ya tumbo la Valentine. Sumeya akasema, "Anacheza, baba." Hemed aliwasha indiketa ingawa hapakuwa na kona.

Kesho yake alikwenda kwa Paul, fundi aliyefunga betri. Paul hakukana wala hakukiri. Alikuwa chini ya gari la mtu mwingine na alizungumza kutoka huko huko.

"Betri haina jina, mzee. Mimi nilinunua kwa mtu, na yeye alinunua kwa mtu."

"Na mtu wa mwisho?"

"Wa mwisho si ni wewe?"

Usiku huo baada ya chakula Sumeya alisema betri irudishwe Remba. Hemed akamwambia kwamba gari bila betri ni kabati, na kabati halimpeleki mtu chuoni. Sumeya aliinamia sahani yake. Alitaka kuwa mkunga tangu darasa la sita, na baba yake alilijua hilo. Haki ilikuwa mbele yake, imekaa mkeka mmoja naye, na Hemed akaipa kisogo. Hilo linamuuma mpaka leo, na halimuumi kidogo.

Mnunuzi alipatikana kabla ya mwezi kwisha. Aliitwa Mirumbe, Mkuria wa Ntimaru, mfanyabiashara wa ng'ombe aliyekuwa akinunua katika soko la Ogwedhi. Alilikagua gari anavyokagua fahali: alilipapasa boneti, akachungulia chini ya tumbo, akalisukuma ubavuni kuona kama litayumba. Magharibi ilipofika akamsalimia abiria, kisha akamvuta Hemed kando.

"Huyu anakula?"

"Anakunywa chai tu."

"Basi si mzigo."

Wakaelewana bei, chini kidogo ya aliyotaka Hemed, lakini yenye kutosha chuo. Hemed aliizungusha waya ya kuchajia akaiweka kwenye buti. Mirumbe akaitoa.

"Hapana, mzee. Mimi nimekuja na yangu. Ng'ombe nachukua, kamba inabaki kwa mwenye kuuza. Ukimpa mtu kamba, umempa baraka yote ya zizi lako."

Hemed hakubisha. Waya ile ni ghali, na Mola alikuwa amempa mnunuzi anayeikataa. Aliona amepata, akaitundika kwenye msumari nyuma ya magodoro, akiwaza atamwuzia nani. Jioni hiyo gari liliondoka kimya kuelekea Ntimaru, Valentine akiwa ameketi wima kwenye kiti chake. Hemed alimpungia mkono. Mtu akishakunywa chai yako si mgeni tena.

Sumeya akaenda Kisumu na sanduku jipya. Mirumbe alipiga simu kusema gari linakwenda vizuri, ila yule mama hajaonekana tangu siku ya kwanza, je, ana ugomvi na Wakuria? Hemed alimwambia hapana.

Hakumwambia kwamba alikuwa amemkuta dukani. Alikuwa ametoka msikitini kama kawaida, na Valentine alikuwa ameketi ukingoni mwa godoro la chini kabisa, mfuko wa nguo za mtoto mapajani, ameishika ncha ya waya iliyoning'inia kutoka msumarini. Mteja mmoja alikuwa akibonyeza magodoro karibu naye, akamwomba asogee kidogo. Akasogea.

"Oimore."

"Oimore, mama."

"Stima imerudi?"

Taa za duka zilikuwa zinawaka zote. Siku zote Hemed alikuwa akimjibu kwa kuzitazama hizo.

"Bado," alisema.

Valentine aliitikia kwa kichwa, kwa kuwa hilo alikuwa akilijua. Kisha akauliza, "Na ule msichana yako?"

"Ameenda kusomea ukunga."

"Hiyo ni kazi mzuri." Alilipapasa tumbo lake taratibu. "Akimaliza, mwambie akikuja kwetu abebe tochi."

Hemed alisema atamwambia. Kisha akaenda kuchemsha chai.