Mzee Sinia Anashindwa Kufa

Mzee Sinia alipangiwa kufa saa tano asubuhi. Kufika saa saba na nusu alikuwa bado hajafa hata mara moja, na mwongozaji alikuwa ameanza kuzungumza peke yake.

Sinia si jina alilopewa na mama yake. Alipewa na watu wa kazini, na hakulikataa. Miaka thelathini na moja alikuwa mhudumu wa mezani katika hoteli kubwa, ya zile ambazo mgeni akiangusha kijiko, kijiko kingine humfikia kabla hajainama kutafuta cha kwanza. Alipostaafu, watu wa televisheni wakamwita kwa wiki moja tu, awafundishe waigizaji kubeba sinia. Walikuwa wakitengeneza tamthilia ya enzi za zamani, kuhusu familia tajiri inayoishi ghorofani na watumishi wake wanaoishi chini, matajiri wa kupiga kengele ili wafunguliwe dirisha lililo mbele ya pua zao. Mwigizaji aliyepewa nafasi ya mtumishi mkuu alivunja vikombe sita siku ya kwanza na birika siku ya pili. Siku ya tatu mwongozaji akamvisha mzee lile koti jeusi. Wiki moja ikawa misimu minne.

Lakini misimu minne ya nini! Mzee alikuwa na maneno ya aina tatu: "Ndiyo, Bibi," "Hapana, Bibi," na "Gari limefika, Bibi." Kamera yenyewe haikuwa na habari naye. Ilianza kwenye sinia, ikapanda na kikombe mpaka midomoni mwa Bibi Mkubwa mwenye nyumba, na mzee akabaki kifua na vifungo. Majirani waliokuwa wakiitazama tamthilia kila wiki walimwambia mkewe, "Jana tumemwona mzee wako. Tumemjua kwa mikono."

Ndipo watunzi walipoona watazamaji wameanza kusinzia, wakakubaliana kwamba lazima mtu afe. Bibi Mkubwa hafi, maana bila yeye hakuna wa kupiga kengele. Mpishi hafi, maana watu wanampenda. Wakatazamana, kisha wote wakamkumbuka Mzee Sinia. Kufa kufaana. Walidhani atanuna, kumbe mzee alifurahi kama mtu aliyepandishwa cheo. Kifo chake kilijaza ukurasa mzima na nusu, na kamera ingemtazama usoni.

Ukurasa wenyewe ulikuwa hivi. Mtumishi mkuu ni mgonjwa, amelala katika chumba chake kidogo cha chini. Bibi Mkubwa, ambaye tangu azaliwe hajawahi kujibebea hata mwavuli, anateremka ngazi na chai mikononi mwake mwenyewe, anamwambia, "Leo mimi ndiye ninayekuhudumia." Mtumishi anakunywa funda moja, anajibu, "Bibi, funguo za ghala ziko mahali pake. Nyumba nakuachia ikiwa safi." Kisha anakata roho, na mjakazi anamfunika shuka. Basi. Mzee aliyakariri maneno yale wiki mbili, akiyasema hata bafuni, mpaka mkewe akawa anayajua kuliko yeye.

Siku yenyewe mkewe akaja naye. Aliacha nguo kwenye maji, akavaa gauni lake la kutokea, akakalia kigoda nyuma ya kamera na kuanza kushona kifungo cha shati. "Nimekuja kumwona mume wangu akifa," aliwaambia mafundi wa taa, "na naomba asichelewe, nina nguo kwenye beseni."

Mara ya kwanza mambo yalianza vizuri. Mzee alikuwa amelala, amepakwa poda ya kumpausha, jua la dirishani linamwangukia shavuni kama mwongozaji alivyotaka. Mlango ukafunguliwa, Bibi Mkubwa akaingia na sinia. Alikuwa mwigizaji mzuri, binti wa miaka thelathini na kidogo, mwenye macho ya kulia akiombwa. Akafika kitandani. Akakinyanyua kikombe. Na kidole gumba chake kikawa kimezama ndani ya chai mpaka kwenye kiungo.

Mzee alikiona. Alijaribu kutazama dari. Alijaribu kufikiria mauti.

"Leo mimi ndiye ninayekuhudumia," Bibi Mkubwa akasema, na chozi likamdondoka.

"Kidole, mwanangu," Mzee Sinia akasema. "Kidole gumba hakiogi kwenye chai ya mgeni."

"Kata!" mwongozaji akapiga kelele. "Mzee! Wewe unakufa!"

"Najua. Ila kidole..."

"Mtu anayekufa haoni kidole!"

"Labda watu wengine," mzee akasema kwa upole.

Mazoea yana taabu, na mazoea ya miaka thelathini na moja yana taabu thelathini na moja. Mara ya pili binti akajitahidi sana na kidole, akakibana pembeni kama kilichovunjika, lakini akakiweka kikombe upande wa kushoto, mshikio ukielekea ukutani. Mzee akajisikia kuwashwa mwili mzima. Akajikaza. Akanyoosha mkono wa kulia juu ya kifua chake, akazunguka kikombe, akakipata, akanywa funda la yale maji ya rangi yaliyojifanya chai, akasema maneno yote ya funguo na ghala bila kukosea hata moja, akakata roho vizuri kabisa. Fundi sauti akavuta kamasi. Mwongozaji akashika kifua. Mjakazi akasogea akalishika shuka, akamfunika marehemu polepole mpaka kichwani, ila ncha moja akaiacha imepinda.

Halafu mkono wa marehemu ukatoka chini ya shuka, ukaipapasa ile ncha, ukainyoosha, ukaipiga makofi mawili ili ilale sawa, ukarudi ndani.

Mjakazi akakimbia. Watumishi wanne waliosimama miguuni pa kitanda kwa huzuni wakaangukiana kwa kucheka, na mmoja wao ikabidi atolewe nje apewe maji. Kofia ya mwongozaji ikaenda sakafuni.

"Mzee Sinia," akasema, na safari hii hakupiga kelele, jambo lililokuwa baya zaidi. "Nyumba hii si yetu. Wenyewe wanarudi kesho asubuhi. Jua la dirisha hili linaondoka saa kumi, na kupanga taa na kamera upya kunataka saa mbili. Nina nafasi ya kukuua mara moja tu. Ikishindikana, nakufuta. Mpishi atasema, 'Mtumishi mkuu ameacha kazi, amekwenda kukaa kwa dada yake,' na hadithi itaendelea."

Mzee akainuka akaketi. Poda yote ile haikuweza kuficha jinsi alivyobadilika rangi. "Nimeacha kazi? Bila kuaga?"

"Bila kuaga."

"Mtumishi mkuu haachi nyumba bila kuaga! Na dada sina."

"Utapewa," mwongozaji akasema, akaokota kofia yake akatoka.

Mzee akateremka kitandani akaenda kusimama koridoni na shati lake la kulalia la kizamani, miguu myembamba inaonekana. Aliumia kweli. Kifo cha kuigiza kinaweza kumchekesha mtu, lakini yeye aliona wazi kitakachotokea: misimu minne ya kusimama wima, na mwisho wake sentensi moja ya mpishi huku akikoroga sufuria. Majirani wangeuliza, "Mzee yuko wapi?" na jibu lingekuwa kwa dada yake. Akaona picha ya ukutani imekaa upande, akainyoosha bila kufikiri.

Mkewe akamfuata, shati na sindano mkononi.

"Yule binti hajui kuhudumia," mzee akalalamika kabla hajaulizwa. "Mara kidole, mara mshikio. Nimemfundisha misimu minne."

"Hajui," mkewe akakubali.

"Mtu anapata tabu kufa katika hali ile."

"Baba watoto, ngoja nikwambie, na usinijibu mpaka nimalize. Mwaka ule ulipolazwa hospitali, nani alitandika kitanda chako?"

Mzee akapangusa vumbi kwenye fremu ya ile picha.

"Ulitandika wewe, na cha jirani yako ukatandika, na nesi ukamwelekeza namna ya kushika sahani ya dawa. Siku ya harusi yetu ulikusanya glasi za wageni, mimi nimekaa mbele peke yangu kama nimejioa. Nikikuwekea chakula unainuka kunipokonya kijiko. Juzi nilikuletea chai, ukaniambia asante, ukaenda jikoni ukaimwaga ukapika nyingine. Nilikuona."

"Ilikuwa imepoa," mzee akasema kwa sauti ndogo.

"Ilikuwa ya moto. Tatizo halikuwa chai." Akakata uzi kwa meno. "Yule binti amekosea, sikatai. Lakini amekuletea. Wewe hujui kuletewa kitu. Watu wengine wanajifunza wakiwa wachanga, wewe umefika uzeeni hujui. Nenda kalale pale, funga mdomo, fungua mikono. Na ufe, tafadhali, nguo zangu zitachacha."

Akarudi kwenye kigoda chake. Mzee akabaki ameitazama ile picha ya ukutani, na kwa mara ya kwanza siku ile hakuona kama imenyooka au imepinda.

Saa kumi kasorobo wakawa tayari. Jua lilikuwa limebaki mstari mwembamba juu ya mto. Maji ya rangi yalikuwa yamekwisha, kwa hiyo mtu wa vifaa akamimina chai ya kweli kutoka chupa ya mafundi. Bibi Mkubwa alisimama nyuma ya mlango akitetemeka, maana alikwisha kuambiwa kwamba akikosea yeye ndiye atakayekuwa amemfukuza mzee wa watu kwa dada asiye naye. Na mtu akiambiwa asikosee, mnajua wenyewe.

"Haya," mwongozaji akanong'ona. "Anza."

Binti akaingia na mguu wake ukanasa kwenye zulia. Chai ikaruka, nusu ikajaa kwenye kisahani. Kijiko kikaanguka, kikabiringika chini ya kitanda kwa makelele ambayo hayakuisha haraka. Akakinyanyua kikombe huku kikilia juu ya kisahani chake, tone linamchuruzika mkononi, na kidole gumba kikiwa ndani ya chai, kimetulia kama kimefika nyumbani. Nyuma ya kamera mwongozaji alifumba macho.

Mzee Sinia aliyaona yote. Aliona zulia, kisahani, kijiko, kidole, upande, mshikio, na doa kwenye mkono wa gauni. Mdomo ukafunguka wenyewe. Akaona pia uso wa yule binti. Chai ilikuwa imemuunguza kidole na hakuwa amekiachia kikombe, amekishika vile vile, amemletea.

Mzee akaufunga mdomo. Akaitoa mikono yote miwili chini ya shuka, akaipokea ile chai.

"Leo mimi ndiye ninayekuhudumia," Bibi Mkubwa akasema, na sauti ikamkatika.

Mzee akanywa. Ilikuwa ya moto, ikateremka kifuani. Miaka thelathini na moja na misimu minne, vikombe ambavyo hakuna aliyevihesabu, na vyote vilikuwa vikitoka kwake kwenda kwa mtu. Akatafuta maneno ya funguo na ghala, aliyoyakariri wiki mbili, asiyaone. Machozi yakamtoka akiwa amemkodolea macho binti wa watu.

"Asante, Bibi," akasema.

Akanywa tena, mpaka kikombe kikaisha. Akakirudisha mikononi mwa binti, akaegemea mto, akafa.

Mjakazi akaja, akamtupia shuka likapinda ncha zote nne, mguu mmoja ukabaki nje. Watu wote wakaukodolea macho ule mguu. Mguu haukusogea. Mstari wa jua ukapanda ukutani taratibu, ukatoweka.

"Kata," mwongozaji akasema, kisha akakaa chini sakafuni akalia waziwazi. Fundi sauti alikuwa amevua vile vya masikioni apate kujifuta. Watumishi wanne, wale waliokuwa wakicheka, walikuwa wameshikana mabega. Bibi Mkubwa alijitupa magotini kando ya kitanda akamkumbatia marehemu pamoja na shuka.

"Mzee, tumeweza! Mzee?"

Mzee kimya.

"Mzee Sinia?" Akamtikisa. "Jamani, mzee haamki!"

Mwongozaji akaruka juu. Mtu wa vifaa akaanza kuita daktari, ingawa hakuna aliyejua anamwita kwa njia gani, maana simu zote zilikuwa zimefungiwa kabatini zisilie kamera zikiwa kazini. Mjakazi akakimbia kwa mara ya pili siku ile. Katikati ya ghasia hiyo mkewe aliendelea na kifungo chake. Alikuwa ameliona shuka likipanda na kushuka.

Shuka likateremshwa. Marehemu alikuwa amelala chali, ameegemea mto wake kwa raha zote, jicho moja limefumbuka.

"Hiyo chai haikuwa na sukari," Mzee Sinia akasema. "Nileteeni nyingine."

Watu watano wakatimua mbio kuelekea jikoni, wakabanana mlangoni, mwongozaji akiwa mbele. Na mkewe, ambaye mume alipokufa hakutoa hata chozi moja, sasa ndipo alipoangusha shati na sindano akalia. Kisha akafuta macho haraka, akainuka, akaenda kutafuta sukari kabla mzee hajabadili mawazo.