Sifa za Profesa Tillotson

Ambrose Tillotson alimtukana Wilfred Pargeter kwa miaka thelathini na moja, tena mezani, mbele za watu, kwa lugha iliyopigwa pasi. Hakuna aliyemwonea Pargeter huruma. Katika chuo chao pale Oxford, kutukanwa na Tillotson ilikuwa heshima. Wapo walimu waliostaafu bila kuipata, na mpaka leo inawauma. Sheria ya meza ya walimu ilikuwa moja tu: tusi likikupata, unanyanyua glasi yako na kumwinamia aliyelitoa. Ukinuna, umeaibika.

Pargeter alinyanyua glasi kuliko wote. Kitabu chake kilipotoka, Tillotson alisimama akasema, "Wilfred ametumia miaka kumi na miwili kukiandika. Tumshukuru, maana muda wote huo hakuandika kingine." Watu hawakuwa na mbavu. Pargeter mwenyewe alicheka mpaka akatokwa na machozi, kisha akaliandika tusi hilo kwenye ukurasa wa kwanza wa nakala yake.

Sasa Tillotson alikuwa anaumwa, na aliyejua ni Pargeter peke yake. Mzee aliishi humo humo chuoni, vyumba vya juu, yeye na jiko lake la gesi. Wiki iliyopita Pargeter alimkuta amekaa mbele ya birika lililokauka likawa jeusi, mkono umeungua, anamuulizia mama yake. Mara mbili Pargeter alikwenda kwa Mkuu wa chuo, Bwana Frobisher, kuomba daktari na mtu wa kukaa na mzee. Mara mbili Frobisher alicheka.

"Yule? Akili yake ni wembe, Pargeter. Haya, Jumapili nitakaa naye mezani nione mwenyewe."

Jumapili mchana ikaletwa nyama ya kondoo. Tillotson alikaa katikati yao, mkono una bandeji, na Pargeter hakuweza kumeza hata kiazi.

"Habari za afya, Profesa?" Frobisher akaanza.

Tillotson alimtazama sana. "Nzuri, bwana. Samahani, wewe ni nani?"

Meza nzima ikalipuka. Frobisher akanyanyua glasi yake, akainama. "Miaka sita nakalia kiti hiki, na mzee bado hajaona sababu ya kulijua jina langu!"

"Hatanii, Mkuu," Pargeter akasema. "Hakujui kweli."

"Na wewe unamwaga petroli kwenye moto!" akadakia mwalimu wa hesabu aliyekaa mbele yao.

Tillotson akachukua glasi yake, akaumimina mvinyo wote taratibu juu ya viazi.

"Loo! Mvinyo wa chuo nao umepata hukumu yake!" mwalimu wa hesabu akasema, na vicheko vikaanza upya. Pargeter alitamani kuwapiga makofi wote. Laiti rafiki yake angekuwa mjinga tangu mwanzo, daktari angeshakuja.

Akamgeukia. "Ambrose, mimi ni nani? Waambie."

Watu wakawageukia, wanasubiri utamu. Tillotson aliutazama uso wa rafiki yake, akalitafuta jina na kulikosa. Pargeter alimwona akilikosa. Kisha mzee akauweka mkono wenye bandeji juu ya mkono wake.

"Jina limenitoka. Lakini huyu ni mtu mwema. Ana akili kubwa. Siku zote nafurahi akikaa karibu yangu."

Kelele iliyofuata haikuwahi kusikika kwenye ukumbi ule. Mwalimu wa hesabu alipigapiga meza. Frobisher alijifuta machozi. "Hilo ni kali kuliko yote! Glasi, Pargeter! Nyanyua glasi!"

Pargeter akasimama, glasi akaiacha mezani. "Jamani, ni mgonjwa! Amesema kweli kabisa!"

"Kweli kwamba una akili kubwa?" Frobisher akauliza, na wakaangua kicheko tena.

Walipokuwa wanatoka, Mkuu alimpiga Pargeter begani. "Daktari wa nini tena, bwana wee?" Akaenda zake, bado anacheka.

Wazee wale wawili wakakatiza uwanja polepole, Tillotson ameng'ang'ania mkono wa mwenzake.

"Wale watu walikuwa wanacheka nini?"

"Ulinisifu."

"Kwani huwa sikusifu?"

"Miaka thelathini na moja, hata siku moja hukuwahi."

Tillotson akasimama. "Basi mimi ni mtu mbaya sana," akasema.

Kwa mazoea, Pargeter akangoja sehemu ya pili, ile yenye mwiba. Alingoja, na angetoa chochote aisikie. Mzee alikuwa analia tu, ameshika kola ya koti lake kama mtu anayesikia baridi. Pargeter akamfuta uso kwa leso yake, akamwongoza kwenye ngazi, na wakaanza kupanda, ngazi moja baada ya nyingine, kurudi kwenye kile chumba chenye jiko.