Toleo la Muda Tu

Hospitali yetu ina mashine moja tu inayobeba tovuti ya majibu ya vipimo, na kwa miaka kumi na moja aliyeilea ni mimi. Najisifu? Najisifu. Mgonjwa anapimwa asubuhi, mchana anasoma majibu yake kwenye simu, na hakuna jicho jingine linaloyaona. Kwa hiyo tangazo lilipotoka siku ile, kwamba lugha ya programu tunayoitumia ina udhaifu, na kwamba matoleo yake ya zamani yanaweza kuvunjwa na mtu aliye mbali, sikubabaika. Niliandika amri moja, mashine ikanijibu kwa namba ya toleo jipya kabisa.

"Tuko salama, Daktari," nikamwambia Mganga Mkuu, aliyekuwa amesimama mlangoni akisubiri jibu.

"Bado," akasema mdogo wangu.

Huyu ni kitindamimba wa mama yetu, na kazi nimemfundisha mwenyewe. Alikuwa amebakiza siku tatu amalize muda wa majaribio, na ripoti ya kumwajiri au kumrudisha nyumbani ilikuwa mkononi mwa Mganga Mkuu. Nikamkazia macho anyamaze. Akajifanya haoni, kama alivyozoea tangu utotoni.

"Kaka, umeiuliza mashine. Seva ya tovuti, ile programu inayowapa wagonjwa kurasa, hujaiuliza. Huenda inatumia toleo jingine."

"Itumie lipi, la jirani?"

Mganga Mkuu akacheka. Mdogo wangu hakucheka.

"Nipeni dakika tano. Nikikosea, Daktari, andika kwenye ripoti yangu kwamba nawapotezea watu muda."

Mtoto huyu ni kichwa ngumu jamani! Niliogopa kweli kweli, maana nilijua ripoti ile ingeandikwa hivyo hivyo.

Akaandika ukurasa wenye mstari mmoja tu, wa kuifanya seva itaje yenyewe toleo inalotumia. Akauweka pamoja na kurasa za tovuti, kisha akaufungua kwenye simu yake, kama mgonjwa yeyote. Namba ikatokea. Lilikuwa toleo la miaka mitatu nyuma, na kwenye tangazo lilitajwa waziwazi.

Nikaichukua simu nikaisoma mwenyewe. "Haiwezekani! Kila mwezi nasasisha."

"Unasasisha lile jingine, la mashine," akasema taratibu, akavuta daftari.

Daftari lile ni sheria yangu. Chochote kinachoguswa kwenye mashine huandikwa humo kwa kalamu; aliyetenda anasaini, aliyekagua anasaini. Wenzangu wa idara nyingine hulicheka. Mdogo wangu alilisoma lote wiki yake ya kwanza, na sasa alikwenda moja kwa moja kwenye ukurasa wenye mwandiko wangu: "Programu ya kuchapa majibu imegomea toleo jipya. Nimeiwekea seva toleo la zamani pembeni. La muda tu." Pa kukagua palikuwa patupu, kwa sababu nani angenikagua mimi? Kweli nyani haoni kundule.

Mganga Mkuu alikuwa ananitazama. Ningeweza kutafuta maneno, na ninayo mengi.

"Kosa ni langu, Daktari," nikasema. "Tovuti izimwe sasa hivi, na yeye ndiye aitengeneze."

Aliitengeneza kwa saa moja na nusu. Akaihamishia seva kwenye toleo jipya, akarekebisha mistari miwili iliyokuwa ikiikwamisha programu ya kuchapa, akamwomba nesi wa maabara achape jibu moja. Likatoka safi. Akapitia kumbukumbu za walioingia, hakuona mgeni. Akafungua tena ukurasa wake wa mstari mmoja: toleo jipya. Kisha akaufuta.

"Wa nini tena? Tusimwachie mwizi ramani," akasema.

Mganga Mkuu alisaini ripoti ya kumwajiri palepale, akiwa ameiegemeza ukutani, akaondoka.

Tulipobaki wawili nikalifungua daftari. Nikaandika tarehe, nikaandika kosa langu lote bila kulipamba, na pa aliyetenda nikasaini. Kwa miezi yote aliyokaa nami, yeye alikuwa akisaini hapo, mimi nikisaini pa kukagua. Kifua kilinijaa, wala si kwa aibu.

Nikamsogezea kalamu.

"Saini pako," nikamwambia.

Akaweka kidole pale pa aliyetenda, chini ya saini yangu, kama alivyozoea.

"Si hapo," nikasema. "Hapa, pa aliyekagua."